Mpeleke mtoto kwa daktari wa meno kabla hajaumwa: mwongozo kamili tangu fizi hadi gego la miaka sita

Mwanangu wa kwanza alimwona daktari wa meno kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne na kitu, saa mbili asubuhi, baada ya usiku mzima wa kulia, shavu limevimba kama mtu aliyeficha andazi mdomoni. Hospitali siitaji. Nesi akamshika kichwa, mimi nikamshika miguu, ganzi ikachomwa mtoto akiwa anapiga kelele, gego likang'olewa, tukarudi nyumbani wote tumechoka na mimi nikiwa na alama za meno mkononi. Toka siku hiyo akiona koti jeupe hata la muuza duka la dawa anajificha nyuma yangu. Sasa hivi ana miaka kumi na moja na kumpeleka kwa daktari wa meno bado ni shughuli ya kubembelezana kuanzia juzi yake.

Wa pili nilimpeleka ana mwaka mmoja, wa tatu ana miezi kumi na moja, na hao wawili wanaenda kama wanaenda saluni. Sio kwamba hao ni watoto wazuri na yule mkorofi, hapana, yule nilimpeleka akiwa anaumwa na hawa nikawapeleka wakiwa hawaumwi. Kila nitakachoandika huku chini kinazunguka hapo hapo, kwamba mtoto aijue ile chumba, ile taa na ile harufu siku ambayo hamna kinachomuuma.

Kwanza tumalizane na "si yatang'oka tu"

Hii kauli nimeisikia kwa mama mkwe, kwa majirani, na nikiri tu, hata mimi mwenyewe nilikuwa naisema. Ni kweli meno ya utoto yanang'oka, yako 20, ila hayang'oki yote pamoja. Ya mbele yanaanza kutoka kwenye miaka sita hivi, mtoto anageuka kibogoyo, tunacheka, jino linarushwa juu ya bati, basi. Lakini magego ya utoto yanakaa mpaka miaka kumi, mengine mpaka kumi na mbili. Sasa gego likioza mtoto ana miaka mitatu piga hesabu mwenyewe, anatakiwa atafunie jino bovu miaka saba au nane, na kama liking'olewa mapema basi meno ya jirani yanaanza kusogea kwenye ile nafasi, likija la ukubwani linakuta kiti kimekaliwa na linaota pembeni huko. Na usaha ukikaa muda mrefu kwenye mzizi wa jino la utoto unaweza kuliharibu la ukubwani ambalo liko hapo hapo chini linajitengeneza. Acha mtoto kukosa usingizi, kukataa kula, kubaki utumbo mtupu kwa sababu kila kitu kinauma.

Hatua ya kwanza: fizi, kabla hata jino halijaonekana

Hapa hamna kazi kubwa. Kitambaa laini kisafi, maji yaliyochemshwa yakapoa, unazungushia kwenye kidole unamfuta fizi taratibu mara moja kwa siku, mfano wakati wa kumwogesha jioni. Faida kubwa sio hata usafi, ni kwamba mtoto anazoea kidole chako mdomoni, afu siku ya mswaki haoni kitu kigeni.

Jino la kwanza kwa wengi linatokea kwenye miezi sita, kawaida yale mawili ya chini mbele. Ila wapo wa miezi minne na wapo wa mwaka, usianze kumlinganisha na mtoto wa dada yako. Akifika mwaka na nusu fizi tupu, hapo ndo uulize. Baada ya hapo yanafuata ya juu mbele, magego ya kwanza kwenye mwaka na kidogo, chonge, halafu magego ya nyuma, na akifikisha miaka miwili na nusu mpaka mitatu yote 20 yako nje.

Na kama yameanza ya juu? Wazee walikuwa na neno lake, kigego, na zamani mtoto wa hivyo alionekana mkosi, kuna sehemu walimfanyia mambo ambayo hata kuyaandika sitaki. Ni mpangilio tu wa kuota, kama vile wengine wanatambaa na wengine wanaruka hiyo hatua wanasimama. Mwacheni mtoto.

Sasa homa na kuharisha. Meno yakiota mtoto anadondosha mate, anatafuna kila kitu, analialia, anaweza kuwa na joto kidogo. Homa ya 38 na kwenda juu, kuharisha mfululizo, kutapika, hayo sio meno. Inaonekana kama ni meno kwa sababu yanakutana miezi ile ile, mtoto ameanza kula, ameanza kutambaa, anaokota mende anaweka mdomoni, na kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama inapungua. Kwahiyo mtoto mwenye homa apimwe malaria na mengine, anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na zinki na apelekwe kituo cha afya. Ukikaa nyumbani unasema "anaota meno" unaweza ukachelewa.

Meno ya nailoni, naomba usiruke hapa

Wa pili alipokuwa na miezi mitano akaharisha siku mbili, jirani, mama mtu mzima tu mwenye nia njema, akamfunua mdomo akaniambia, "Mama nanii, huyu ana meno ya nailoni, usichezee, wahi kuna bibi anayatoa."

Wengine wanaita meno ya plastiki, Uganda wanaita ebinyo. Kinachoonekana pale ni fizi iliyotuna sehemu ambayo chonge itaotea, na ukiichimba ndani utakuta kweli kitu cheupe laini kama nailoni, kwa sababu lile ni jino la mtoto ambalo halijakomaa! Ni sawa na kupasua yai ukashangaa hamna kuku. Linachimbuliwa na kitu chenye ncha, bila ganzi, mara nyingi kifaa hicho hicho kimetumika kwa mtoto mwingine. Mtoto anaweza kuvuja damu mpaka akahitaji kuongezewa, anaweza kupata pepopunda, virusi, na akipona jino la ukubwani la hapo linaweza kuja limepinda au lisije kabisa. Na kuharisha kukiisha watu wanasema dawa imefanya kazi, wakati kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe ndani ya siku kadhaa mtoto akipewa maji ya kutosha.

Mimi nilimjibu jirani, "Asante mama, ngoja nimpeleke kwanza hospitali," nikaondoka. Sikubishana nae. Ukibishana na mtu mzima mlangoni utashindwa, na yeye akirudi siku haupo atamkuta dada wa kazi. Kwahiyo mwambie na dada wa kazi, mwambie na bibi yake, mtoto huyu hachimbwi.

Hatua ya pili: mswaki unaanza jino la kwanza lilipochomoza

Sio akifika miaka miwili, sio akianza chekechea. Jino moja limetoka, mswaki umeanza. Nunua wa watoto, kichwa kidogo, nyuzi laini. Ile miswaki migumu inayouzwa kwa wingi sokoni kwa bei ya chini waachie wakubwa, au usugulie viatu.

Dawa ya meno iwe na floraidi, yale madini yanayoimarisha jino. Geuza boksi usome nyuma, tafuta namba, iwe kuanzia 1000 ppm (hicho ni kipimo cha wingi wa floraidi). Kuna dawa za watoto zenye picha za katuni na ladha ya stroberi ambazo hazina floraidi hata kidogo, na ni ghali kuliko ya familia nzima, unalipia katuni. Kama huna hela ya kununua ya mtoto tumia hiyo hiyo ya nyumbani, cha kuangalia ni kiasi. Chini ya miaka mitatu, unapaka kiasi cha punje ya mchele. Mchele mmoja, sio ubwabwa. Miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere. Lile tangazo linaloonyesha dawa imejaa mswaki wote na imejikunja mwishoni ni la kuuzia dawa. Na tyubu akae nayo mkubwa, sio mtoto aachiwe aile kama aiskrimu.

Walioko Arusha, Kilimanjaro, Manyara na sehemu nyingine za ukanda wa bonde la ufa, hata Nakuru kwa majirani, mnajua habari ya maji na meno ya kahawia. Hayo madoa sio uchafu na hayatoki kwa kusugua, ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa wakati meno yanajitengeneza ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 1.5 mg kwa lita na kuna visima vinapita hapo mbali sana. Hapo cha kwanza kushughulikia ni maji ya mtoto, mvua au chanzo kingine kilichopimwa, na kuchemsha hakusaidii, floraidi haiondoki na mvuke. Magadi kwenye mboga nayo yanaongeza. Dawa ya meno muulize daktari wa hapo hapo kwenu, ila punje ya mchele na kutema vinabaki vilevile.

Namna ya kupiga mswaki wenyewe. Mtoto mdogo mlaze, kichwa kwenye mapaja yako, anakuangalia wewe juu chini, kidole chako kimoja kinainua mdomo wa juu, mkono mwingine una mswaki. Unazungusha vimduara vidogo pale jino linapokutana na fizi, maana uchafu unakaa pale, sio kwenye ncha. Mbele, nyuma, juu ya magego, dakika mbili zinatosha, kwa mwenye meno manne nusu dakika umemaliza. Akilia? Endelea taratibu, imba, maliza. Mtoto huwa analia na kuvaa nguo pia na bado unamvalisha. Wa kwangu wa tatu alikuwa anafunga mdomo kama chaza mpaka nilipoanza kumwambia kuna sisimizi kwenye gego nawatafuta, "huyu hapa, kakimbilia nyuma," anafungua mwenyewe tuwatafute.

Mara mbili kwa siku, na kama siku hiyo umechoka unaweza moja tu basi iwe ya usiku. Baada ya mswaki wa usiku hamna kitu tena zaidi ya maji. Afu ateme tu, asisukutue na kikombe cha maji kama tulivyofundishwa sisi, ukisukutua unaosha ile floraidi yote uliyoipaka. Mdogo ambaye hajui kutema mfute povu na kitambaa, ile punje ya mchele hata akimeza haina shida.

Na jamani, mtoto wa miaka minne hajui kupiga mswaki. Anajua kutafuna mswaki. Mwache ajaribu, mpongeze, halafu wewe urudie, mpaka kwenye miaka saba au nane.

Mswaki wa mti je? Sisi wa pwani tumekua nao, hata jina mswaki limetoka kwenye ule mti, na mtu mzima anayejua kuutumia meno yake yanakuwa safi kabisa. Kwa mtoto mdogo ni mgumu, haufiki nyuma na unaweza kumchubua fizi. Subiri akue.

Hatua ya tatu: sukari, na hasa ile ya usiku

Sitakwambia mtoto asile pipi kabisa, maana na mimi sio mnafiki. Kinachotoboa meno zaidi ni mara ngapi, kuliko ni kiasi gani. Kila sukari ikiingia mdomoni wadudu wa kwenye meno wanaila wanatoa asidi, mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kurudisha hali. Mtoto akila ubuyu wote kwa mkupuo baada ya chakula cha mchana, meno yameshambuliwa mara moja. Akipewa huo huo ubuyu kwenye kimfuko awe anamumunya kimoja kimoja tangu saa nne mpaka saa kumi, meno yameshinda kwenye asidi siku nzima. Juisi ya boksi inayonyonywa na mrija kwa masaa mawili ni hivyo hivyo, hata kama boksi limechorwa maembe.

Chupa ya usiku ndo adui mkubwa. Mtoto analala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au uji mwepesi, au chai ya rangi (nimeiona kwa macho yangu), usingizini mate yanapungua sana, yale maziwa yanabaki yamezunguka meno ya juu mbele mpaka asubuhi. Ndo maana utakuta mtoto wa miaka miwili meno manne ya juu yameisha yamebaki vipande vya kahawia, ya chini mazima kwa sababu ulimi na mate vinayalinda. Kama huwezi kuikata chupa ghafla anza kwa kuacha sukari, kisha punguza maziwa ongeza maji, wiki mbili tatu inakuwa maji matupu.

Kunyonyesha endelea mpaka miaka miwili kama wanavyotushauri kliniki, maziwa ya mama hayana kesi hapa. Ila meno yakishatoka, mtoto akisinzia mtoe chuchu mdomoni, na hakikisha mswaki wa usiku umepigwa. Uji wa lishe usiwe na sukari, karanga na ndizi mbivu vinatosha, asiyeionja sukari haijui. Na dawa za kikohozi za maji nyingi zina sukari, ukimpa usiku mpe kabla ya mswaki.

Hatua ya nne: inua mdomo

Mara moja kwa mwezi, dirishani kwenye mwanga wa mchana, unainua mdomo wa juu unaangalia pale jino linapotokea kwenye fizi. Dakika moja. Kinachotafutwa ni mstari au doa jeupe kama chaki, tofauti na weupe wa kawaida wa jino. Huo ndo mwanzo wa kuoza na hapo bado linarudi, kwa floraidi na kupunguza sukari, bila kuzibwa chochote. Likishakuwa la njano au kahawia limeshaanza kulika. Likiwa tundu, ni tundu. Na ukiona kama kijipu kwenye fizi juu ya jino, hata kama mtoto hasemi panauma, pale kuna usaha umepata njia ya kutokea, nenda wiki hiyo hiyo.

Mimi kwa wa kwanza nisingeweza kukosa ule mstari kama ningeinua mdomo hata mara mbili kwa mwaka. Sikuinua, nilikuwa naangalia akicheka tu.

Hatua ya tano: kumtafuta daktari na kujipanga

Muda sahihi ni akifikisha mwaka, au ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza. Ukimwambia mtu anacheka, "meno manne unaenda kuangalia nini?" Mwache acheke.

Hospitali za wilaya na za mkoa nyingi zina kliniki ya meno, na baadhi ya vituo vya afya pia. Utakutana na daktari wa meno au tabibu wa meno, wote wanaweza kumwangalia mtoto asiye na tatizo. Kwa Dar, mambo makubwa yanaenda Muhimbili, ambako na chuo cha madaktari wa meno kipo. Sera ni kwamba chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini nenda na hela kidogo, mara kifaa kimeisha utaambiwa ukanunue nje. Binafsi piga simu kwanza uulize mambo matatu: mnaona watoto wa mwaka mmoja? Bima yangu mnapokea na inalipia nini? Siku gani hamna foleni ya kung'oa? Hilo la mwisho watu hawalifikirii. Ukikaa kwenye benchi na mtoto wakati ndani kuna mtu anapiga yowe, kila ulichomwandaa kimeisha. Na tarehe 20 Machi ni siku ya afya ya kinywa duniani, karibu na hapo huwa kuna vipimo vya bure sehemu nyingi, sikilizia tangazo.

Chukua asubuhi, mtoto ameshiba na hajachoka. Muda wake wa kulala usiuguse.

Nyumbani wiki moja kabla chezeni daktari. Kijiko ndo kioo, tochi ya simu ndo taa, mtoto anahesabu meno ya doli, kisha yako, kisha wewe unahesabu yake. Mwambie tunaenda kuhesabiwa meno. Basi. Usimwambie "haitauma", maana alikuwa hajawaza kuuma, umemwazisha wewe. Usiseme sindano. Na ile ya "ukisumbua ntakupeleka daktari akung'oe meno," aisee, tuliosema hivyo tumejichimbia wenyewe. Kaka zake wakubwa waliong'olewa waonye wasimsimulie.

Beba kadi ya kliniki, orodha ya dawa anazotumia, mswaki wake, kanga na mdoli anaoupenda. Kama ana sikoseli, tundu kwenye moyo, pumu, au akijikata damu inachelewa kukata, hilo liseme kabla hajafungua mdomo, hata kama hujaulizwa.

Hatua ya sita: ndani ya chumba

Wa miaka chini ya mitatu mara nyingi hakai kwenye kile kiti kikubwa. Mnakaa wewe na daktari mnatazamana, magoti yamegusana, unampakata mtoto akikuangalia wewe, miguu yake imezunguka kiuno chako, halafu unamlaza taratibu kichwa kinatua kwenye mapaja ya daktari. Wewe unashika mikono, daktari anaona mdomo wote. Wa tatu wangu alipolazwa hivyo alilia, nikaanza kuomba samahani, daktari akacheka, "Usijali mama, akilia ndo ananifungulia." Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka sita, mtoto alinyamaza kwenye nne kusikiliza. Dakika tano haikufika.

Daktari ataangalia meno, fizi, ulimi, atakuuliza anakula nini na analala na nini, sema ukweli, hayupo pale kukuhukumu na ukidanganya unajidanganya. Anaweza kupaka vanishi ya floraidi, ni kama rangi inapakwa na kibrashi, haiumi, meno yanaonekana ya njano kidogo siku hiyo inatoka yenyewe. Baada ya hapo vyakula vigumu na vya moto viachwe kwa masaa kadhaa na mswaki mpaka kesho asubuhi, au kama yeye atakavyosema. Hiyo inarudiwa kila miezi mitatu mpaka sita kutegemea na hali ya mtoto.

Wewe kaa kimya kidogo. Najua ni ngumu. Mama akisema "pole pole pole jamani mwanangu" mfululizo mtoto anajua kuna msiba. Na usimwahidi pipi akitulia!

Hatua ya saba: wakikuta limetoboka

Sio kila tundu ni kung'oa, na sio kila tundu ni mashine. Kuna njia ya kuziba ambayo daktari anakwangua sehemu iliyooza na vifaa vya mkono tu, bila mashine na mara nyingi bila ganzi, kisha anajaza saruji maalum inayotoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 80, kwa sababu ya vijiji visivyo na umeme, sasa hivi inatumika dunia nzima, na kwa mtoto mwoga ni mkombozi. Kuna pia dawa ya matone yenye madini ya fedha na floraidi, inapakwa kwenye tundu inasimamisha kuoza, haina maumivu, ila ile sehemu inabaki nyeusi tii. Shirika la Afya Duniani waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Sio kila kliniki wanayo, uliza. Kwa gego la nyuma weusi unausikitikia nini?

Kung'oa kunabaki kwa jino lililokwisha kabisa au lenye usaha. Uliza maswali matatu: tukiliacha itakuwaje, linaweza kuzibwa, na likitoka nafasi yake tunailindaje? Vidonge vya antibayotiki peke yake havitibu jino, uvimbe unashuka, mtoto anacheza, mwezi ujao mko pale pale. Ndo nilivyofanya mimi, mara mbili, dukani bila cheti. Akichomwa ganzi mwangalie masaa mawili matatu yanayofuata, anaweza kujitafuna mdomo bila kusikia akaja kuwa na kidonda kikubwa kuliko jino lenyewe.

Maumivu usiku mpe paracetamol kwa uzito wake kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Aspirini mtoto hapewi. Wala usipachike tumbaku, mafuta ya karafuu matupu au kidonge kilichosagwa, vinaunguza fizi. Uvimbe wa shavu ukiwa na homa, ukielekea jichoni au chini ya taya, au anashindwa kumeza, usisubiri asubuhi.

Na akianguka jino likang'oka lote: la utoto halirudishwi, utaliumiza lililo chini, bana na kitambaa kisafi kisha mpeleke akaangaliwe. La ukubwani likamate sehemu nyeupe usiguse mzizi, kama lina mchanga lisuuze haraka, lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo abane na kitambaa, ukishindwa liweke kwenye maziwa baridi, na ukimbie. Nusu saa ya kwanza ndo ya thamani.

Gego la miaka sita

Hili linawapita wazazi wengi kwa sababu linaota kimya kimya. Kwenye miaka sita, nyuma ya gego la mwisho la utoto, linachomoza gego la ukubwani, na halisubiri lolote ling'oke. Mzazi anajua ni la utoto, linaoza, akija kushtuka anaambiwa hilo halina mbadala. La mwanangu wa kwanza lilitoboka hivyo hivyo na likazibwa, pamoja na yote niliyokuwa nimeshapitia.

La wa pili nililikuta mwenyewe jioni natafuta sisimizi, kitu cheupe kina kofia ya fizi nusu. Daktari alisubiri litoke vizuri akalipaka utando wa kuziba ile mifereji ya juu ambako ugali hujificha. Mpaka hapo, kwa kuwa gego jipya linakuwa fupi kuliko jirani yake na mswaki unalipita juu bila kuligusa, unauingiza mswaki kwa ubavu, kutokea kwenye shavu, unalisugua lenyewe peke yake, afu ndo unaendelea na mengine.